Tupeane uzoefu: kituo cha kulala cha watu wenye ulemavu wa akili hapa Goma, tuangalie nini?

TantineHimbi
Wandugu, jambo. Kuna familia zinatafuta mahali ambapo mtu wao mzima mwenye ulemavu wa akili atalala na kutunzwa. Wakifika wanaonyeshwa rangi mpya ukutani na vitanda vilivyotandikwa, wanarudi wameridhika. Ninyi mnaoijua kazi hii kwa ndani, leteni mambo ya kupima kwa macho na kwa hesabu. Majina ya vituo tuyaache.

InfirmyeNdosho
Anzia kwa dawa, maana wengi wao wana kifafa pia. Omba kaye (daftari) ya dawa pamoja na kopo lenyewe. Kama fenobabitali, dawa ya kifafa, ni kidonge kimoja kila jioni, na kopo la vidonge 30 limetumika jioni 12, ndani vibaki 18. Ukikuta 23, jioni 5 zimerukwa hata kama kaye imejaa saini. Saini huwekwa mtu akishameza, si asubuhi kwa siku nzima.

Kinachoua ni stoku kuisha. Fenobabitali ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, mshtuko juu ya mshtuko bila mtu kuzinduka. Katika mji ambao barabara hufungwa wakati wowote, ningedai akiba ya miezi 2. Fishi yake (kadi ya matibabu) ipelekwe Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili hapa Goma, au kwa daktari anayemfuata kabla kopo halijafika chini.

Mtu akianguka: tazama saa, sogeza mbabula (jiko la makaa), mlaze ubavu. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumwagia maji. Dakika 5 zikipita bado anatetemeka, ni diazepamu, dawa ya kusimamisha mshtuko, kwa njia ya haja kubwa. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 10, yaani ampuli moja ya mililita 2, kwa sirinji isiyo na sindano, kisha unabana matako kidogo isitoke. Kipimo cha kila mtu daktari awe amekiandika mapema. Na muulize mlezi wa usiku ufunguo wa kabati uko wapi. Ukilala nyumbani kwa mkubwa wa kituo, dawa hiyo haipo.

MamaWaJikoni
Mimi nasema nenda saa ya kula, bila kutoa taarifa. Mtu asiyejilisha anahitaji kama dakika 30. Mlezi mmoja akilisha watu 6 kwa nusu saa, kila mmoja kapata dakika 5, na hapo ndipo bugali inasukumwa mdomoni kabla tonge la kwanza halijashuka. Wanaolishwa wamelala hupaliwa, chakula kinaingia kwenye mapafu, wiki inayofuata unaambiwa ni nimonia. Aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, abaki wima nusu saa baada ya kula. Sauti ikiwa na majimaji baada ya chai, chai hiyo inaenda pabaya: uji mzito kidogo unamfaa zaidi. Sambaza (samaki wadogo) zipondwe na sombe (kisamvu), zisibaki nzima.

Uzito upimwe kila mwezi. Mwenye kilo 40 akipoteza 2 ndani ya mwezi, aonwe na muganga.

PapaMajengo
Mama, na wale wanaopiga kelele na kujing'ata? Kila ukienda unakuta wamelala, unaambiwa wametulia.

InfirmyeNdosho
Papa, hapo uulize mambo matatu: nani aliandika dawa hiyo, kwa ugonjwa gani, na itaangaliwa tena lini. Dawa ya kutuliza isishike nafasi ya mlezi aliyekosekana. Mtu asiyesema huonyesha maumivu kwa mwili: anayejipiga shavu achunguzwe jino na sikio, anayekataa kula achunguzwe tumbo.

Tumbo hasa. Klopromazini, dawa ya kutuliza, na dawa za jamii yake hukausha choo, na mtu anayekaa siku nzima utumbo wake unalegea. Siku 3 bila choo, chukua hatua. Ajabu yake, choo kigumu kikiziba, majimaji hupenya pembeni na kuchafua nguo. Mlezi anadhani ni kuhara, anatoa dawa ya kufunga, anazidi kuziba. Kwa hiyo kaye ya choo iwepo: tarehe, kigumu au laini. Tena angalia maji. Kuna walezi wanaopunguza maji tangu alasiri ili kitanda kisilowe, na bidoni la lita 20 linabebwa kwa mgongo, sawa, lakini gharama inalipwa na utumbo wa yule asiyeweza kuomba.

KijanaKatindo
Pesa pekee hazitoshi. Winterbourne View, hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili kule Uingereza, ililipwa kama pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja, na kamera ya siri ya BBC mwaka 2011 ilionyesha wagonjwa wakipigwa na kuburutwa. Wengi walikuwa mbali na kwao, na mfanyakazi aliyetoa taarifa ndani hakusikilizwa. Kituo kinachokupangia siku moja tu ya kutembelea, mimi ningekiogopa. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini, waambieni mnaijua.

TantineHimbi
Na Nyiragongo, volkano yetu?

MamaWaJikoni
Dada, hilo wengi hawaliulizi. Mlima ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Watu wakamiminika kuelekea Sake. Kila mkaazi awe na begi lake mlangoni: dawa za siku 14, nakala ya fishi, viatu vyenye soli ngumu kwa sababu ya mawe ya volkano, kadi ya plastiki ya kuvaa yenye jina, namba ya familia na neno "kifafa" kama anacho. Dawa za begi zibadilishwe kila mwezi zisipitwe na tarehe. Mazoezi yafanywe usiku, stima ikiwa imekatika, na walezi wale wale wa zamu ya usiku. Mchana wafanyakazi ni wengi, kila kituo kinafaulu.