Chumvi ya Uvinza kwenda Kalemie: meli au boti ya mbao?

Kijana wa Gungu: Habari zenu wakuu. Nimepata mteja wa chumvi Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Kongo, anautaka mzigo kabla mwezi haujaisha. Nipakie meli bandarini Kigoma au niende boti za Kibirizi? Boti wameniambia bei ya chini. Naombeni ushauri, hela yenyewe ni ya mkopo.

Reli ya Kati: Tani ngapi? Mzigo umeshafika Kigoma au bado uko Uvinza? Na forodha ya Kongo anamalizana nayo nani, wewe au mteja? Hayo ndiyo ya kusema kwanza, mkuu.

Mtu wa Katubuka: Meli, usisumbuke. Unapewa bili ya mzigo, na ukifika unahesabiwa kiroba kimoja kimoja.

Nahodha Mstaafu: Nimeendesha boti ziwa hili zaidi ya miaka 20, siwezi kukubali kwamba zote ni mbovu. Meli husubiri mzigo ujae, na mkopo wako hausubiri. Cha kuangalia ni msimu. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na boti iliyojazwa kupita kiasi haina ujanja mbele ya mawimbi hayo. Nenda kaione kabla hawajapakia: mbao zake, injini ya akiba, maboya ya kuokolea.

Mama Dagaa: Mwanangu, nisikilize mimi niliyelia. Nilipeleka magunia 62 ya dagaa Kalemie kwa boti. Niliambiwa tutafika asubuhi. Usiku wa manane upepo ukabadilika, maji yakaanza kuingia, nahodha akaamuru mizigo itupwe. Walianza na yangu kwa sababu ilikuwa juu. Nilishika gunia moja nikalikumbatia, kijana mmoja akaninyang'anya akisema, "Mama, dagaa au roho yako?" Tulifika jioni ya siku ya pili. Yalibaki magunia 23, na mengi yameloa. Mwenye boti sikumdai hata senti, maana sikuwa na karatasi yoyote. Jina langu liliandikwa kwenye daftari lililolowana. Watoto wangu walikaa nyumbani muhula mzima. Dagaa aliyeloa unaweza kumwanika tena. Chumvi ikiloa utaanika nini?

Mtu wa Katubuka: Pole sana mama.

Kijana wa Gungu: Pole mama, nimeumia kusoma. Viroba ni 400 vya kilo 50. Bado viko Uvinza.

Reli ya Kati: Hizo ni tani 20. Ulete kwa treni mpaka Kigoma, usipakie lori kwanza. Forodha hujajibu.

Mwana Mpanda: Kama bado uko Uvinza, kwa nini Kigoma? Shuka Mpanda hadi Karema. Serikali imejenga bandari pale kwa ajili ya soko hilohilo la Kongo.

Reli ya Kati: Lori la Uvinza hadi Karema atalilipa nani?

Binti Ujiji: Kwani meli ya Liemba haiwezi kumbebea?

Nahodha Mstaafu: Dada, njia ya Liemba ilikuwa ya kusini, Kasanga hadi Mpulungu kule Zambia. Yeye anakwenda magharibi. Ila ile ni meli ya kuheshimiwa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande.

Mtu wa Katubuka: Na Waingereza wakaizamisha 1916.

Nahodha Mstaafu: Hapana. Waliizamisha Wajerumani wenyewe, Julai 1916, isitekwe. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Ndiyo maana ilipoibuliwa 1924 zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mama Dagaa: Basi mwanangu umesikia. Chuma kilikaa chini ya maji miaka mingi kikapona kwa sababu kilifungwa vizuri. Kila kiroba kitie nailoni ndani, chini tandika mbao, juu turubai mbili. Hata ukienda na meli, usiache.

Binti Ujiji: Hayo maturubai mama unanunua wapi? Ya Mwanga yanachanika haraka.

Kijana wa Gungu: Asanteni. Forodha mteja anasema atashughulikia yeye, ila hajanitumia karatasi. Kesho asubuhi naenda bandarini kuuliza meli inaondoka lini.

Reli ya Kati: Karatasi kwanza, ndugu yangu. Usipakie hata kiroba kimoja kabla hujaiona.