Snea ya chuma, ya alumini au ya shaba: ipi itafaa Malindi?

fimbo_mbili (Malindi)
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Napiga dramu hapa Malindi, wikendi hotelini na Jumapili kanisani. Snea niliyo nayo, ile ngoma ndogo yenye waya chini, ni ya mbao, iliyokuja na seti, na hotelini kinanda na gitaa vikipanda inamezwa kabisa. Nimeamua kutafuta ya metali. Zilizo mbele yangu ni tatu: ya chuma inchi 14 kwa 5.5 (upana kwa urefu), mpya, ya alumini 14 kwa 6.5, iliyotumika, na ya shaba ya njano 14 kwa 6.5, ambayo bei yake niliiuliza tena nikidhani sikusikia vizuri.

Shida ni kwamba sehemu zangu mbili hazifanani. Hotelini tunapiga chini ya makuti, pande zote wazi, upepo wa bahari unaondoka na sauti. Kanisani ukumbi ni mdogo, kuta za mawe na juu mabati. Nataka moja ya kubeba kote. Mngechukua ipi?

mzee_wa_rumba
Chuma. Inakata juu ya kinanda, bei yake inabebeka, na pesa inayobaki nunua ngozi nzuri na waya mpya za chini. Nimepiga chuma hotelini miaka yote na hajatokea mteja aliyenifuata kuniuliza snea yako ni ya madini gani.

binti_wa_mikisa (Lamu)
Mteja hakuulizi, mzee wangu, lakini sisi tunaokaa nyuma ya mikisa, mashine ya kurekebisha sauti, tunajiuliza kila usiku. Chuma kina mlio wa juu unaotoboa, halafu kinaendelea kulia baada ya pigo. Chini ya makuti hilo halisumbui, maana sauti inatoka nje na hairudi. Kwenye mabati na kuta za mawe mlio uleule unarudi mara mbili na kuingia kwenye maiki ya mwimbaji. Utaishia kubandika tepu na leso juu ya ngozi mpaka snea iwe bubu, na hapo ule ukali ulioulipia umeuzima mwenyewe.

Alumini inalia kavu zaidi na inakatika mapema. Ludwig Supraphonic, snea ya kampuni ya Ludwig ambayo imerekodiwa sana tangu miaka ya 1960, mwili wake ni wa alumini iliyopakwa kromu, ingawa ukiiona kwa mbali utaapa ni chuma. Kwa mtu mwenye sehemu mbili kama zako, kaka, mimi ningekwenda na alumini.

mwalimu_wa_gwaride
Naomba niitetee shaba kidogo. Chuma na alumini zote zinapendeza ukipiga kwa nguvu. Shaba inapendeza hata ukipiga kwa upole: zile nota ndogondogo za katikati unazozigusa tu zinasikika zina mwili, na ukipandisha nguvu haigeuki kuwa kelele. Ludwig Black Beauty, ile nyeusi inayotajwa kila penye wapiga dramu, ni shaba ya njano chini ya nikeli nyeusi. Shaba nyekundu ni nzito na nyeusi zaidi kwa sauti, bronzi nayo ina mlio wa kengele, lakini hizo mbili tuziache, huku kwetu kuzipata ni shughuli.

Ila nikuonye kuhusu uzito. Kwa ujazo uleule, alumini haifiki hata theluthi moja ya uzito wa shaba: gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, shaba ni kama 8.5, chuma 7.8. Kama usafiri wako ni bodaboda utanikumbuka.

fimbo_mbili (Malindi)
Ni bodaboda, mwalimu. Na huo urefu, 5.5 na 6.5, tofauti inasikika kweli au ni maneno ya wauzaji?

binti_wa_mikisa (Lamu)
Inasikika. Ya 5 au 5.5 inajibu haraka, waya za chini zinashtuka hata ukigusa, na inapanda juu bila kunyongeka. Ya 6.5, yaani karibu sentimita 16.5, ina kifua. Ukiilegeza kidogo inakupa ule mshindo mnene wa nyimbo za taratibu. Zile fupi za 3.5 usizisogelee kama unataka moja tu, zinafaa ziwe za pili pembeni. Lakini jua kwamba ngozi ya juu na namna unavyoikaza vinabadilisha sauti kuliko hiyo inchi moja. Na pete zinazobana ngozi pia: nzito ya kusubu inabana mlio na kuupa ukavu, nyepesi ya bati la kukunjwa inauacha upumue. Chuma chenye pete ya kusubu kinaweza kutulia kuliko unavyodhani, hapo mzee_wa_rumba ana hoja.

fundi_shela
Mnajadili sauti tu, chumvi hamjaitaja! Hapa Shela naletewa dramu ambazo ukiishika pete inakuachia unga wa kutu mkononi. Kromu juu ya chuma inalinda mpaka ipate kitundu, na kitundu kikishapatikana kutu inatembea chini kwa chini na kuivimbisha. Snea hiyo ya chuma ukiilaza hotelini usiku, karibu na bahari, msimu wa kusi, usitarajie ing'ae muda mrefu.

Alumini haishiki kutu, ila ile ya kromu inajulikana kwa kromu kutoa vidoa na kubanduka. Ni sura tu inayoharibika, sauti inabaki. Ukiipata ile ya kijivu isiyo na kromu, kama Ludwig Acrolite, hiyo ndiyo ya pwani. Shaba inageuka kijani kama sinia la bibi, unaifuta inarudi.

Sasa, boliti, pete na waya za chini mara nyingi ni za chuma hata kama mwili ni wa dhahabu. Kwa hiyo kila baada ya kupiga pangusa kwa kitambaa kikavu, tone la mafuta kwenye nyuzi za boliti, na begi lisikae sakafuni.

mzee_wa_rumba
Mafuta kila wiki nimepaka, fundi, na bado inalia. Lakini kwa kanisa lenye mabati nakubali, alumini.

fimbo_mbili (Malindi)
Basi nakwenda kuiangalia ile ya alumini. Imetumika, na muuzaji anasema "labda ni shaba". Nitajuaje?

fundi_shela
Beba sumaku, hata ile ya mlango wa kabati. Iweke kwenye mwili wenyewe, sio kwenye pete wala boliti. Ikishika, ni chuma na mwenyewe anakuchezea. Isiposhika, inyanyue: ikiwa nyepesi ni alumini, ikikuvuta mkono ni shaba, na kwa bei ya alumini ulipe haraka uondoke.

Halafu toa ngozi zote mbili, mwambie tu unataka kuona ndani. Laza mwili juu ya kioo cha meza na umulike tochi ya simu kwa ndani. Upande wa chini utaona mwanga sehemu mbili zinazotazamana, hapo waya hupita, ni halali. Mwanga ukitokea kwingine, au upande wa juu ukitoa mwanga popote, mwili umepinda na hutaweza kuukaza sawasawa. Iache hapohapo hata akikupunguzia nusu.