Kabati la mbao la vyombo vya umeme vya jikoni: je, rafu za milimita 18 zitatosha?

Msasa Laini
Habari za kazi, ndugu mafundi. Ninakusudia kutengeneza kabati la kusimama sakafuni litakalobeba maikrowevu, birika la umeme, blenda, mashine ya kukandia unga na sufuria ya umeme ya kupikia wali, kwa sababu vyote hivi vimejaa juu ya meza ya jikoni na nafasi ya kufanyia kazi imekwisha. Mchoro wangu una upana wa sentimita 90, kimo cha sentimita 180 na kina cha sentimita 40, ukiwa na rafu nne za plaiwudi ya milimita 18 na milango mbele yote. Naomba kujua kama rafu hizo zitahimili uzito bila kupinda, na kama ni salama kutumia vyombo hivyo vikiwa humo humo ndani.

Randa Kuukuu
Kabla ya kuzungumzia rafu, rudia kupima kina. Maikrowevu nyingi hufikia kina cha sentimita 40 au hata kuzidi, na hapo hujahesabu plagi inayotokeza nyuma wala nafasi ya hewa ambayo mtengenezaji ameiagiza katika kitabu cha maelekezo. Pima kila chombo kikiwa kimechomekwa na mlango wake ukiwa wazi, kisha ndipo uchore kabati; nadhani utajikuta kwenye sentimita 50 au zaidi.

Kuhusu rafu, upana wa sentimita 90 bila mhimili wa katikati ni mrefu mno kwa mashine ya kukandia, ambayo ni chombo kizito. Ukisimamisha ubao wa kugawa katikati ukapata nafasi mbili za sentimita 45, mzigo uleule utaipinda rafu kwa takriban sehemu moja ya nane tu ya ilivyokuwa mwanzo. Kama hutaki mgawanyo huo, gundisha ukanda wa mbao ngumu wenye kimo cha sentimita 4 hivi chini ya ukingo wa mbele wa rafu, kwa urefu wake wote, na nyuma uikaze kwenye ubao wa mgongo. Plaiwudi umechagua vyema. MDF ya kawaida, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ikiingiwa na maji kwenye kingo huvimba, na hairudi tena katika umbo lake.

Waya Mwekundu
Nijibu swali la usalama. Blenda na mashine ya kukandia hazina shida kubwa, mradi zipate nafasi ya kufanya kazi, lakini birika na sufuria ya wali hutoa mvuke mwingi unaopanda moja kwa moja kwenye upande wa chini wa rafu iliyo juu yake, na hapo ndipo vanishi huanza kubabuka na tabaka za plaiwudi kuachana. Viweke kwenye rafu ya kuvuta, ili viwake vikiwa vimetoka nje kabisa, mvuke upande bila kugusa mbao. Maikrowevu nayo isifungiwe nyuma ya mlango inapofanya kazi, kwa kuwa matundu yake yanahitaji hewa ya kupoza.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Birika la wati 2200 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 10, na maikrowevu inayovuta wati 1200 huongeza ampea 5 na ushei. Ukiviwasha pamoja kwenye waya mmoja wa nyongeza wenye uwezo wa ampea 13, waya utapata joto, tena ndani ya sanduku la mbao. Mwite fundi umeme aweke soketi za ukutani nyuma ya kabati.

Msasa Laini
Nashukuru sana. Nimekubali kugawa katikati, na milango nitaibakiza chini tu. Je, hiyo rafu ya kuvuta niitengenezee reli za mbao, au ninunue za chuma?

Randa Kuukuu
Nunua za chuma zenye gololi, zinazotoka nje kwa urefu wake wote, na usome uzito ulioandikwa juu yake. Zipo zinazobeba hadi kilo 45 kwa jozi. Reli za mbao hukwama hewa inapokuwa na unyevu, ingawa kwa droo ya vijiko ningezitumia bila wasiwasi. Reli za chuma hazisamehe kabati lililokwenda upande, kwa hiyo kabla ya kupigilia ubao wa mgongo pima kutoka pembe hadi pembe kwa pande zote mbili, na vipimo viwe sawa. Paka vanishi kila upande, hasa kingo zilizokatwa na sehemu isiyoonekana chini.

Waya Mwekundu
Niongeze kwamba rafu nzito ikivutwa nje huweza kulipindua kabati zima, kwa hiyo likaze ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu zinazofaa ukuta wako. Tundu la kupitishia waya litoboe kwa kipenyo cha milimita 60 hivi, kwani linalopita hapo ni plagi nzima, na ulainishe kingo zake kwa msasa ili zisikwangue waya kila rafu inapovutwa.