Programu ya kujitolea: tuitoe kwa tarehe au tusubiri iive?

Mleta mada

Wakuu salaam. Tusaidiane hili maana kwenye grupu letu limeshatugawa na jana mtu kalefti kabisa.

Kwa msiotujua, tupo tisa hapa Dar, kila mtu na kibarua chake, tunajenga programu huria ya simu ya hesabu za vikoba, hisa, mfuko wa jamii, faini, mikopo. Halipwi mtu hata vocha. Toleo la pili linatakiwa liwe na mgao, yaani Desemba kikoba kikivunjwa programu ipige yenyewe nani anaondoka na shilingi ngapi. Sasa ndo hivyo Oktoba imefika na mgao bado unayumba. Wengine wanasema 15 Novemba itoke, wengine wanasema ikiiva itatoka.

Mimi niko na tarehe, povu ruksa. Bila tarehe hakuna anayetesti, kila mtu "nitaangalia wikiendi" na wikiendi ina harusi, ina msiba, ina mpira. Debian, wale wa kujitolea wanaojenga mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walishika ile ya toleo kutoka likiwa tayari, wakatoa toleo 3.0 Julai 2002 halafu 3.1 ikaja Juni 2005, karibu miaka mitatu watu wanasubiri. Ubuntu wakaja 2004 wakajenga juu ya Debian huyohuyo ila wakasema sisi ni Aprili na Oktoba, ambacho hakijawa tayari kinabaki kituoni kinangoja basi linalofuata (mwendokasi wetu msiutaje hapa tafadhali). Na mgao ukitoka Januari ni wa nini sasa, wenzio wameshagawana na hela ya ada ishalipwa.

Anayejibu wa kwanza

Mkuu umeisoma nusu. Hao hao Ubuntu toleo la Aprili 2006 walilisogeza mpaka Juni, ndo maana linaitwa 6.06 (mwaka wa 06, mwezi wa 06) na siyo 6.04. Halafu hizi ni hela za watu bana. Mimi ndo niliipeleka toleo la kwanza kwa kikoba cha mama yangu Mbagala. Mweka hazina kaandika faini ya mama mmoja aliyechelewa, 1,000, mtandao ukakata katikati, akabonyeza tena, ikasoma 2,000. Yule mama akasimama, "mnaniibia kwa simu?" Kikao kizima kikasimama, daftari likatolewa kwenye mkoba, wakaanza kuhesabu na sanduku lenyewe. Tangu siku hiyo simu inakaa mezani kama ua, daftari ndo linasoma. Hapo ilikuwa faini tu, sasa nyie mnataka kukosea mgao wa mwaka mzima?

Mtafsiri

Naomba niingilie maana mimi huwa nakumbukwa mwishoni. Kutoa ni jambo moja, kufunga ni jingine. Toleo lililopita nimekesha nimemaliza maneno yote, saa sita usiku mtu kabadilisha "rejesho" kaweka "marejesho ya mkopo", kitufe kikawa kirefu kikakatika kwenye simu ndogo ikabaki "marejesho ya m". Ya nani? Nataka siku ambayo baada yake hakuna kugusa neno. Debian siku hizi ndo wanachofanya, toleo lao la 13 walianza kulifunga hatua kwa hatua kuanzia Machi 2025, wanazidi kukaza tu, likatoka 9 Agosti. Tarehe waliyoanza nayo ilikuwa ya kufunga.

Ninayeandika mgao

Kaka zangu, huo mgao mnaougombania naandika mimi, na natoka kazini Posta saa mbili usiku, nafika Kimara saa nne, ndo nafungua laptop. Mkiniwekea dedilaini nitakachofanya nakijua, wiki ya mwisho nitachomeka kodi mbichi (za kompyuta, siyo za TRA) ili nisikose basi lenu. Siyo ubaya, ni woga wa kuachwa, maana nikiachwa sasa hivi mtaniambia tukutane Desemba ijayo. Kinachonisumbua ni yule aliyeingia katikati ya mwaka, na aliyekopa hajamaliza, unamkata kwenye hisa zake kabla ya faida kugawanywa au baada? Kila kikoba na katiba yake.

Mleta mada

Sawa, ya mtafsiri nimeikubali, tufunge 1 Novemba, baada ya hapo ni kurekebisha makosa tu. Ila tarehe ya kutoa bado siiachii hivihivi. Mgao ukiwa haujakaa sawa toleo litoke bila mgao, faini ya kubonyeza mara mbili imeshatibiwa, kwa nini watu wa Mbagala waisubiri?

Anayejibu wa kwanza

Bila mgao hawatalishusha, bando lao halina mzaha. Mimi Jumamosi naenda kuomba lile daftari la mwaka jana, naingiza kila kitu kuanzia kikao cha kwanza. Mgao wa programu ukipishana na wa daftari hata kwa mia mbili, hiyo 15 Novemba mtaitoa bila mimi.

Ninayeandika mgao

Lipige picha daftari unitumie kurasa zote. Hasa za waliojitoa.