Mwanangu njiti tunaruhusiwa wiki hii, nyumbani tunaishi wengi, naombeni ushauri

Mama_Ngamiani:
Asalaam aleikum wadau, habari zenu. Mwenzenu nipo hapa Tanga mjini, huyu ndio mwanangu wa kwanza. Mimba ilikua wiki 30 presha ikapanda ghafla, kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli, miguu imevimba ndala haziingii, kufika hospitali wakasema hizi ni dalili za kifafa cha mimba mtoto atolewe la sivyo tunapotea wote wawili. Nikachomwa sindano za kumkomaza mapafu, nikaingizwa chumba cha oparesheni. Katoka na kilo 1.2. Nilivyoenda kumuona ana mpira puani, mpira mwingine mdomoni, dripu, ngozi nyembamba mpaka mishipa unaiona, jamani nilishindwa hata kumgusa.

Alhamdulillah tumevuka. Amekaa kwenye mashine ya hewa, kapigwa taa ya bluu ya kutibu manjano, na kulikua na vipindi anasahau kupumua, mashine inalia, nesi anakuja anamkuna unyayo anarudi. Hiyo sauti mpaka leo nikilala naisikia. Baadae tukahamia chumba cha kangaruu, yupo kifuani kwangu usiku na mchana, maziwa nakamua kila baada ya masaa matatu anapitishiwa kwenye mpira, kisha kikombe, na sasa ananyonya mwenyewe. Amefika kilo 1.9, daktari kasema akiendelea hivi wiki hii tunatoka.

Furaha ninayo ila hofu imezidi. Nyumbani hakuna mashine ya kunilia asipopumua. Halafu tunaishi kwa wakwe Ngamiani, nyumba ina watu wengi, wifi zangu na watoto wao, majiko ya mkaa uani. Mama mkwe ananipenda na mimi nampenda, kila siku uji wangu haukosi wodini, ila ana taratibu zake za uzazi. Anataka mtoto afukizwe ubani asubuhi na jioni, apewe maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, na kumuweka kifuani anasema atazoea mikono, alale kitandani apate nguvu. Tena arobaini yenyewe ndio imefika tukiwa huku huku, ndugu wa Pangani washaambiwa tukitoka tu waje. Mume wangu yupo safarini, nikimpigia anasema mama kalea saba anajua.

Nitamwambiaje mtu mzima bila kumvunjia heshima? Na nyie mliorudi na njiti nyumbani usiku mlifanyaje?

MamaPacha_Muheza:
Hongera sana mamii, kilo 1.2 hadi 1.9 kwa maziwa yako mwenyewe, umefanya kazi kubwa mno. Mimi wangu walikua wawili wa wiki 31, najua unachosema kuhusu hiyo sauti.

Kuhusu kusahau kupumua, madaktari hawamruhusu mtoto ambae bado ana hivyo vipindi, wanasubiri zipite siku kadhaa yupo sawa kabisa. Muulize daktari wako wazi kabisa, mara ya mwisho ilikua lini? Mimi nilivyojibiwa hilo swali ndio usingizi ulirudi. Na usiku kangaruu inaendelea vile vile, nilikua nalala nusu kukaa, mito mgongoni, mtoto kafungwa na kanga kifuani, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu hakijazama pua ipo wazi. Nikitaka kupumzika dada yangu anamchukua anamfunga kifuani kwake. Akiwa kitandani alale chali peke yake, mito isiwe karibu nae. Kofia na soksi muda wote, na kila mara unamshika miguu, ikiwa ya baridi mrudishe kwenye ngozi yako usisubiri.

Mzee_wa_Makorora:
Binti yangu pole na hongera. Mimi nakushauri usibishane na mama mkwe, radhi ya mkubwa ni kitu kikubwa. Hayo maji ya sukari sisi wote tumepewa na tumekua, mpe vijiko viwili tu asikauke koo mambo yaishe.

Nesi_wa_Watoto:
Baba shikamoo. Kwenye heshima ya mama mkwe nipo na wewe, ila kwenye maji hapana, na nasema hivi kwa sababu nimefanya wodi ya njiti miaka mingi. Tumbo la huyu mtoto ni dogo sana, kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa ambayo ndio uzito wake, na maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata joto hili la Tanga. Kubwa zaidi ni utumbo wake, bado mchanga, uchafu kidogo tu unaweza kumletea maambukizi mabaya, kuna watoto utumbo unaharibika hadi wanahitaji oparesheni. Maziwa ya mama ndio yanamkinga na hilo. Ubani nao ni moshi kama moshi mwingine, mapafu yake yametoka kupambana. Mama mkwe akitaka nyumba inukie afukize siku mtoto hayupo chumba hicho na madirisha yawe wazi, mkaa ubaki uani mbali na mlango wenu.

Sasa Mama_Ngamiani, wewe usimfundishe mama mkwe. Mkwe hafundishwi na mwali wake, hata kama una haki itaonekana dharau. Kesho akija na uji muombe nesi wa zamu amkaribishe ndani, anawe mikono mpaka kwenye kiwiko, akae kwenye kiti, mtoto afungwe kifuani KWAKE. Amsikie anavyopumua. Kangaruu si lazima mama mzazi, bibi anaweza, baba anaweza, shangazi anaweza, na nimeona mabibi wengi wakishampakata hivyo wanakua walinzi wakali kuliko hata sisi.

Na akisema ni mambo ya kizungu mwambieni kangaruu imeanzia Bogotá huko Colombia mwaka 1978, hospitali ya maskini mashine hazitoshi, mama zao wakageuzwa kuwa mashine. Halafu kuna utafiti mkubwa uliotoka 2021, nchi tano, na sisi tupo ndani yake kupitia Muhimbili. Watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mapema bila kusubiri watulie kwanza, vifo vilipungua kwa robo. Baada ya hapo WHO, Shirika la Afya Duniani, nao 2022 wakasema mtoto akae kifuani masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Kwahiyo suala la kuzoea mikono lisahau kabisa, anazoea kuishi.

Baba_K_Chumbageni:
Naunga mkono nesi. Mimi mwanaume nilifungwa mtoto kifuani na kanga ya mke wangu, mwanzo nilitetemeka, siku ya tatu nilikua sitaki kumrudisha. Mumeo akirudi usimwambie akusaidie, mpe mtoto tu. Na kama umeajiriwa ulizia kazini, sheria ya kazi imerekebishwa 2025, mama wa njiti anaongezewa muda juu ya zile siku 84 za kawaida. Wengi hawaambiwi.

Mama_Ngamiani:
Jamani Mungu awalipe. Leo nesi wa zamu kamuita mama mkwe ndani kama mlivyonielekeza. Alikataa kwanza, akasema mikono yangu mizito hiyo. Akafungwa mtoto. Kakaa nae mchana mzima, hakutaka hata kunywa chai, akaniambia "mbona anasikika kama kakimbia". Nesi akamueleza mambo ya maji akaitikia tu ehe, ehe. Ubani hajasema kitu, ila wageni bado anasema watu wameshaalikwa na itakua aibu. Na arobaini ihesabiwe tangu alivyozaliwa au tangu tarehe aliyotakiwa kuzaliwa?

Bi_Shangazi_Raskazone:
Mwanangu hapo mniachie mimi. Hesabu ya arobaini ni yako wewe mzazi, inaanzia siku uliyojifungua, mtoto haimhusu. Akika nayo ikichelewa haina neno, ifanyike akiwa na nguvu zake. Mwambie mkweo hivi, mama, pilau tuipike, wanaotoka Pangani wale washibe, dua isomwe sebuleni, mtoto na mimi tubaki chumbani mlango umefungwa. Asiyeweza kuja apelekewe kwenye hotipoti. Hapo hajaaibika mtu. Na awe yeye ndio anakaa mlangoni, mwenye mafua arudi, watoto wadogo wasiingie. Umpe cheo hicho, utaona.

Nesi_wa_Watoto:
Shangazi umemaliza. Niongeze hesabu mbili tu. Chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa, msicheleweshe kwa sababu ni mdogo. Ila kukaa, kutambaa, kutembea, mhesabie tangu tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, yaani umtoe miezi kama miwili na nusu, usije ukalia bure jirani akikuuliza mbona hajakaa.

Ukiona hanyonyi, amepoa hata ukimuweka kifuani, anapumua haraka zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kinabonyea ndani, midomo imekua ya bluu, viganja na nyayo ni vya njano, amelegea au anastuka-stuka, usipige simu kuuliza mtu wala usiseme dege hilo, mfunge kifuani hivyo hivyo muende hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Mama_Ngamiani:
Nimeandika yote. Kuhusu macho je? Mama mmoja wa kitanda cha jirani kasema njiti wanapimwa macho ila mimi sijaambiwa kitu.

Nesi_wa_Watoto:
Ndio, kwa wiki alizozaliwa, uzito ule na alivyotumia oksijeni inabidi mishipa ya nyuma ya jicho iangaliwe, kawaida inakua kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa na yeye ameshapita hapo. Kesho daktari akipita raundi muulize kabla hajasaini karatasi ya kutoka, atapimwa lini na wapi, akuandikie kwenye kadi. Na masikio pia ulizia hapo hapo.

Mama_Ngamiani:
Sawa dada nesi, kesho asubuhi namuuliza, nitarudi hapa kuwaambia.