Latitude 7480 ya mtumba imefungwa BIOS, naifunguaje?

MwanaMakole
Wakuu, habari zenu. Nina Dell Latitude 7480 iliyotumika, nimeinunua dukani hapa Dodoma mjini. Windows 10 inawaka vizuri, lakini VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya Windows) inagoma kuendesha mashine pepe za biti 64 kwa sababu VT-x, uwezo wa prosesa unaohitajika kwa kazi hiyo, imezimwa ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine. Nikibonyeza F2 naona kurasa zote, ila kubadili chochote inadai nywila ya msimamizi. Nikipitia F12 niwashe kwa flashi, inadai nywila hiyohiyo. Nimeshauriwa nitoe betri ndogo ya kwenye bodi niiache nje saa moja. Itasaidia? Risiti ninayo.

FundiBodi
Mkuu, hiyo betri iache. Zamani nywila ilikaa kwenye kumbukumbu ya CMOS inayoishi kwa umeme wa CR2032, volti 3. Ukiitoa, nywila inapotea. Mashine za kiofisi kama yako huiandika kwenye chipu isiyosahau hata umeme ukikatika. Utakachopoteza ni saa na tarehe. Kushikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30 ni hivyohivyo. Jampa ya PSWD (kiunganishi kidogo kwenye bodi cha kufuta nywila) ambayo huenda umeisikia iko kwenye OptiPlex za mezani, Latitude haina. Kusakinisha toleo jipya la BIOS nako hakufuti nywila.

Fuata mpangilio huu. Rudi kwa muuzaji kwanza. Mashine hizi hutoka maofisini kwa mafungu, na mara nyingi fungu zima lina nywila moja, kwa hiyo aliyemuuzia anaweza kuwa nayo. Akishindwa, dai akubadilishie, na usikawie, maana siku zikipita atasema umeiweka wewe.

Akikataa, nenda kwa Dell wenyewe. Namba ya huduma ina herufi na tarakimu saba, iko chini ya mashine. Kwenye kidirisha cha nywila utaiona tena, ikifuatiwa na kistari na herufi au tarakimu nyingine nne. Nakili zote kama zilivyo, kwa sababu hizo nne ndizo zinazoonyesha nywila ya dharura itengenezwe kwa njia ipi. Omba kwanza uhamisho wa umiliki kwenye tovuti yao, ambatanisha risiti, ndipo uombe nywila. Ikikataliwa unapoiingiza, jaribu Ctrl+Enter badala ya Enter. Baadhi ya matoleo hutaka hivyo. Kuna kikwazo kimoja: kama mwenye mashine wa kwanza aliwasha kipengele cha kuzuia nywila ya dharura, hata Dell hawatakufungulia.

Nkuhungu
Naongeza kwa upande wa bodi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaua mashine. Fundi atakwambia anasoma chipu ya BIOS kwa CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu) na klipu ya miguu minane. Inawezekana kwenye baadhi ya modeli, lakini muulize maswali haya kabla hujamwachia.

Chipu ni ya volti ngapi? Kwa mfano, chipu ya W25Q128FV ni ya volti 3.3, W25Q128FW ni ya 1.8. Namba zinatofautiana herufi ya mwisho tu, na kuipa ya 1.8 umeme wa 3.3 ni kuiunguza. Tena CH341A nyeusi za bei rahisi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data zisiporekebishwa. Betri kubwa na chaja vimechomolewa? Amesoma mara mbili na mafaili yamelingana? Yakitofautiana, klipu haijashika vizuri. Vumbi letu la Dodoma huganda kwenye miguu ya chipu, isafishwe kwa spiriti kwanza.

Akikwambia ana faili la mashine nyingine atakuwekea, chukua mashine yako uondoke. Utapoteza namba ya huduma, anwani ya mtandao wa waya na leseni ya Windows. Sehemu ya ME (Management Engine, programu ya Intel iliyo ndani ya chipu hiyohiyo) isipopatana na bodi, mashine inaweza kuwa inajizima kila baada ya dakika 30 hivi.

Jambo jingine: fungua Task Manager utafute rpcnet.exe au rpcnetp.exe. Ukizikuta, ufuatiliaji wa Absolute (programu ya makampuni ya kufuatilia kompyuta zao) uko hai na kampuni ya zamani bado inaihesabu mashine kuwa yake. Hapo usiguse chipu. Mrudishie muuzaji na udai pesa, kwani inaweza kuwa ya wizi.

MwanaMakole
Asanteni sana wakuu. Nimetafuta, hazipo. Muuzaji anasema nywila hana na habadilishi, kwa hiyo naomba uhamisho wa umiliki. Wakati nasubiri, naweza kufuta Windows nianze upya bila flashi?

FundiBodi
Unaweza, na BIOS haihusiki kabisa. Settings, Update & Security, Recovery, kisha Reset this PC, chagua kufuta kila kitu. Hifadhi mafaili yako nje kwanza na chaja iwe imechomekwa. Ikimaliza, unganisha intaneti ungali kwenye hatua za mwanzo. Ikitokea jina la kampuni na kudai akaunti ya kazini, mashine bado imesajiliwa kwao. Piga picha skrini hiyo umpelekee muuzaji.

Ukitaka Linux, usihangaike kuhamisha diski sasa hivi. Latitude nyingi huwa zimewekwa RAID On, mpangilio wa BIOS wa namna diski inavyosomwa, na kama SSD yako ni ya aina ya NVMe, Linux haitaiona mpaka ubadili mpangilio huo kuwa AHCI, na hilo nalo liko nyuma ya nywila. VT-x vilevile, hakuna programu ya kuiwasha kutoka Windows bila nywila hiyo.