Je, bila Mungu kuna wema na ubaya?

MLETA MADA
Wakuu, juzi tukiwa msibani mzee mmoja alisema mtu asiye na dini usimkabidhi hata ufunguo wa stoo, maana hana wa kumwogopa. Wengi wakaitikia. Mimi ni Mkristo, nasali, na sikuweza kuitikia.

Tusikilize lugha yetu. Mtu akimruka majeruhi barabarani akaenda zake, tunasema hana utu, na utu umetoka kwenye mtu. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022, aliona jambo kama hilo kwa Waakan, watu wa kwao: wanamwamini Muumba, lakini jema wanalipima kwa ustawi wa binadamu. Hata Paulo, Warumi sura ya 2, anakiri kuwa watu wasio na torati huyatenda ya torati kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao.

Kisha kuna swali la zamani sana, ambalo Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilitia kinywani mwa mwalimu wake Socrates. Kwa maneno yetu: kuua ni kubaya kwa sababu Mungu amekataza, au Mungu amekataza kwa sababu ni kubaya? Ukishika la kwanza, basi angeamuru tuwachinje watoto, lingekuwa jema. Mimi nashika la pili.

JIBU
Mleta mada, nakuheshimu, ila hapo umeteleza. Lugha hiyohiyo inasema "hana hofu ya Mungu", na mla mali ya yatima tunamwambia hivyo kila siku. Swali lako nalo masheikh walilichambua zamani huko Basra na Baghdad. Mu'tazila, kundi mojawapo la wanazuoni wa Kiislamu, walisema akili yenyewe hutambua jema na baya. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwenzao kabla ya kuwaacha, akasema jema ni lile aliloamuru Mwenyezi Mungu. Niko naye.

Akili itakuambia wizi unaumiza. Sawa. Lakini nani anakuzuia usiku, uko peke yako, watoto hawajala, na sanduku la kikoba liko chini ya kitanda chako? Nimekuwa mweka hazina miaka sita. Ulifika mwezi nikalifungua sanduku, nikazihesabu zile hela, nikalifunga. Utu haukunisaidia kitu usiku ule. Nilijua nitasimama mbele ya Mola.

MLETA MADA
Ndugu yangu, ushuhuda huo naupokea kwa heshima. Ila umenieleza kilichokuzuia, hujanieleza kwa nini kuiba ni kubaya. Hayo ni mawili. Na hofu hiyo si kila mara inazuia: Ntarama, Rwanda, 1994, watu walikimbilia kanisani wakauawa humohumo, katika nchi ambayo wengi walikuwa wamebatizwa.

JIBU
Mimi ndiye mnayemjadili. Sina dini tangu 2011, nyumbani hawajui. Mama amepooza, na usiku namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Hakuna ninayemwogopa, wala sisubiri thawabu. Kama haya si maadili, niambieni yanaitwaje.

JIBU
Mweka hazina hapa. Ni maadili, ndugu yangu, sikatai. Ninachoamini ni kwamba aliyeyatia moyoni mwako ni Yeye, umjue usimjue, na hapo hatutakubaliana leo. Pole sana na mama. Usiku kuna anayekupokea, au uko peke yako?